Waliobaki Zamuni: Waraka wa Luther Juu ya Tauni na Uchovu wa Wahudumu wa Wagonjwa Mahututi

Mwezi Machi mwaka 2020, makanisa yalipoanza kufungwa katika nchi nyingi kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, wahubiri wengi wa Kilutheri walifungua upya waraka ambao kwa kawaida hulala kimya katika juzuu za maandishi ya Martin Luther. Ni ule aliouandika mwaka 1527 kuwajibu wachungaji wa Breslau, waliokuwa wameuliza, kwa njia ya mwenzao Johann Hess, kama ni halali Mkristo kuukimbia mji uliopigwa na tauni. Waraka ulitajwa mimbarani, ukaingizwa katika barua za kichungaji, ukasambazwa vipande vipande. Aghalabu vipande vilikuwa viwili. Katika kimoja Luther aeleza kwamba atafukiza nyumba, atatumia dawa na kuepuka mahali pasipomhitaji. Katika cha pili afundisha kwamba mwenye daraka asiiache kazi yake wakati wa hatari. Kwa kipande cha kwanza tuliwajibu wale waliodhani kuwa imani ni kinga ya maradhi; kwa cha pili tuliwasifu wauguzi.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi Mei 2023 kwamba dharura ile imekwisha. Sifa nazo zimekwisha. Tunaona basi kwamba wakati umefika wa kuusoma waraka ule mzima, tena kwa jicho la uhakiki, tukiwa na swali moja mbele yetu: je, una neno lolote kwa mtu ambaye hakukimbia, akabaki zamuni, akahudumu hata moyo wake ukafa ganzi? Jibu letu, tukilitaja mapema ili msomaji ajue tuendako, ni kwamba ndani ya waraka lipo neno fupi, nalo ndilo tuliloliruka. Neno refu zaidi Luther aliliandika mahali pengine, katika barua za miezi ile ile, ambazo hatukuzisambaza.

Tuanze na chumba chenyewe, maana ni rahisi kunena juu ya uchovu bila kujua ni kazi gani iliyochosha. Chumba cha wagonjwa mahututi kilizaliwa katika ugonjwa wa mlipuko. Mwaka 1952 polio ilipoushambulia mji wa Copenhagen, hospitali ya Blegdam ilijaa watu walioshindwa kupumua, wengi wao watoto. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri mgonjwa atobolewe koo, aingizwe mrija, kisha mtu aketi kando yake akikamua mfuko wa hewa kwa mkono, pumzi baada ya pumzi. Mashine za kutosha hazikuwapo. Waliitwa wanafunzi wa udaktari wapatao 1500 wapokezane zamu usiku na mchana kwa miezi kadhaa, na mwaka uliofuata Ibsen akafungua wodi maalumu kwa ajili ya wagonjwa wa namna hiyo. Tunaitaja habari hii kwa sababu yaonyesha kwamba tangu mwanzo msingi wa chumba hicho ulikuwa mtu aketiye kando ya mtu mmoja bila kuondoka. Baadaye mashine iliupokea mkono uliokamua mfuko. Jicho la aliyeketi halikupata wa kulipokea.

Ndiyo maana nchini Uingereza kanuni ya kawaida ni kwamba mgonjwa aliye kwenye mashine ya kupumulia awe na mwuguzi wake mmoja. Machi na Aprili 2020 kanuni hiyo ililegezwa. Mwuguzi mmoja mwenye ujuzi alijikuta akisimamia wagonjwa wanne, na mwongozo uliruhusu hata sita, akisaidiwa na wenzake waliotolewa wodi nyingine ambao hawakuizoea kazi ile. Zamu zilikuwa za saa kumi na mbili, ndani ya barakoa iliyokaza uso na vazi lisilopitisha hewa. Kunywa maji au kwenda haja kulimaanisha kuvua yote na kuyavaa upya. Kumgeuza mgonjwa mmoja alale kifudifudi ili mapafu yapate nafuu kulihitaji kikundi kizima cha watu, na baada ya saa kadhaa akageuzwa tena. Wengi waliogeuzwa hivyo hawakupona.

Yote hayo ni uchovu wa mwili, na mwili ukilala huamka. Palikuwa na jambo la pili. Ndugu wa mgonjwa walizuiwa kuingia. Mwuguzi ndiye aliyeshika simu karibu na sikio la mtu asiyejitambua ili mke wake amwage. Ndiye aliyesikia maneno ambayo hayakumhusu. Na simu ilipokatwa, ndiye aliyebaki na maiti. Kisha akamwendea mgonjwa wa pili. Daktari Rachel Clarke, ambaye si wa chumba hicho bali ni wa tiba shufaa, aliyakusanya mengi ya namna hii katika kitabu chake Breathtaking kilichotoka mwaka 2021, akikiandika usiku alipokosa usingizi. Ni kitabu chenye hasira, na pengine hasira hiyo humfanya mwandishi aharakishe hukumu. Lakini mchungaji akikisoma ataona jambo ambalo mwandishi mwenyewe halitilii mkazo: kazi inayosimuliwa, kurasa kwa kurasa, ni kazi yetu. Kumshika mkono anayekufa, kuchukua neno lake la mwisho, kuwapelekea walio nyumbani, kusimama kimya mbele ya mwili. Katika hospitali nyingi wachungaji walizuiwa au waliruhusiwa kwa masharti makali, na sehemu kubwa ya daraka lao iliwaangukia watu ambao tayari walikuwa na mirija, dawa na namba za kuangalia.

Matokeo yalipimwa mapema. Neil Greenberg na wenzake waliwapa madodoso wahudumu 709 wa vyumba tisa vya wagonjwa mahututi nchini Uingereza katika Juni na Julai 2020, wimbi la kwanza lilipokuwa limepungua. Asilimia 45 walionyesha dalili za kiwango cha kutia shaka katika angalau moja ya haya: kiwewe, sonona kali, wasiwasi mkubwa, au ulevi wenye madhara. Asilimia 40 walikuwa na dalili za kiwewe. Na zaidi ya mmoja katika kila kumi alisema kwamba katika majuma mawili yaliyopita amekuwa akiwaza mara kwa mara kwamba ni afadhali afe au ajidhuru. Wauguzi walikuwa na hali mbaya kuliko madaktari. Madodoso si uchunguzi wa daktari, na watafiti wenyewe walilieleza hilo. Hata hivyo hatudhani kwamba mchungaji aliye macho atahitaji hesabu kubwa zaidi ya hiyo.

Hapa tuseme kidogo juu ya neno. Mwaka 1974 Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Marekani, aliieleza hali hii kwa picha ya moto uliokwisha kula kuni zake. Baadaye Christina Maslach alitambua alama zake tatu: moyo kuishiwa nguvu, kumwona mtu unayemhudumia kama kitu, na kuona kwamba kazi yako haina faida yoyote. Kiswahili chetu hakina neno moja linalobeba yote matatu. Twasema mtu amechoka, lakini mkulima naye amechoka jioni. Twasema amekata tamaa, lakini huyu bado anafika kazini kwa wakati. Usemi wa moyo kufa ganzi twaona unakaribia zaidi, maana kiungo kilichokufa ganzi kingali hai, chaweza hata kutembea, ila hakijui kinakanyaga nini. Sisi tuliozika vijana wiki hata wiki katika miaka ya 1990, wakati wa UKIMWI, tunaifahamu ganzi hiyo bila kufundishwa na mtaalamu. Wapo miongoni mwetu waliojikuta wakisoma ibada ya maziko huku wakiwaza bei ya mbolea. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake iliyopitishwa mwaka 2019, liliihesabu hali hii kuwa ni tukio la kazini, lisilo ugonjwa wa mtu binafsi, litokanalo na msongo wa muda mrefu wa kazi ambao haukudhibitiwa ipasavyo. Yaani mahali pa kutafutia sababu ni katika kazi jinsi ilivyopangwa, kabla ya kuipekua imani ya aliyechoka.

Sasa twaweza kuurudia waraka. Nguvu yake ya kwanza ni kwamba hauwi mkali pale ambapo tungetazamia ukali. Luther hamlaumu mwenye imani dhaifu anayekimbia, maadamu hakuna anayemtegemea. Kuikwepa hatari ni jambo ambalo Mungu ameliweka katika maumbile, naye huleta mifano kutoka Maandiko ya watakatifu waliokimbia. Wale anaowafunga wabaki ni wenye uhusiano na wengine: mchungaji na kundi lake, hakimu na mji wake, mzazi na mtoto, mtumwa na bwana, jirani na jirani asiye na mwingine. Kwa Luther daraka ni kamba yenye ncha mbili. Hushikwa na watu wawili, na akiiachia mmoja mwingine huanguka.

Kwa sababu hiyo hiyo waraka una sharti ambalo mahubiri ya mwaka 2020 yaliliruka. Mwenye daraka yu huru kuondoka iwapo pana wengine wa kutosha wa kuishika nafasi yake, au amepanga nao washike. Luther alitaja hata wahubiri: wakiwapo wengi, waweza kupatana kwamba baadhi waende ili wasife wote bila faida. Tena aliandika kwamba lingekuwa jambo jema na la kumpendeza Mungu kama serikali za miji zingejenga hospitali na kuweka watu wa kuwatunza wagonjwa, ili kila mwananchi asilazimike kugeuza nyumba yake kuwa hospitali; pale tu zisipokuwapo ndipo kila mmoja awe mwuguzi wa mwenzake. Haya hayakusambazwa. Twafahamu kwa nini. Hayampi mhubiri shujaa wa kumsifu, bali yampa mwenye mamlaka wa kumwuliza.

Tukiutumia waraka kwa kipimo chake wenyewe, swali la nani alikimbia hugeuka. Mwuguzi wa London aliyesimamia vitanda vinne hakukimbia. Lakini kabla ya ugonjwa kufika, makumi ya maelfu ya nafasi za uuguzi katika hospitali za Uingereza zilikuwa wazi, na hali hiyo ilikuwa imedumu kwa miaka mbele ya macho ya wote. Wa kumpokea zamu hakuwapo kwa sababu hakuajiriwa. Kwa lugha ya Luther, ile ncha ya pili ya kamba iliachwa mapema sana, wakati wa amani, na walioiachia hawakuhama mji hata hatua moja. Kuanzia tarehe 26 Machi 2020, kila Alhamisi saa mbili usiku kwa majuma kumi, watu wa nchi hiyo walitoka milangoni wakawapigia wahudumu makofi. Hatuyadharau makofi yale. Wengi walipiga huku wakilia. Ila makofi hayawezi kumpokea mtu zamu. Na sisi wa makanisani, tuliposema mimbarani kwamba wauguzi ni mashujaa wa imani, tulikuwa tukipiga makofi yetu kwa maneno ya Luther.

Hadi hapa tumeutetea waraka dhidi ya wasomaji wake. Yafaa sasa tuuhakiki wenyewe, maana upungufu wake si mdogo.

Upungufu wa kwanza ni wa muda. Swali la Breslau lilikuwa: kukimbia au kubaki? Ni swali la siku moja, la mtu asimamaye mlangoni na mzigo wake. Luther alilijibu vema. Lakini mtu akiisha kubaki, swali hilo limekwisha, na lingine huanza ambalo waraka hauligusi: abakije mwezi wa tatu? Abakije wimbi la pili lijapo, kama lilivyokuja Uingereza katika majira ya baridi ya mwaka 2020 hadi 2021, likiwakuta wahudumu wale wale hawajapona la kwanza? Albert Camus, ambaye hakuwa mwamini, alimpita Luther hapa. Katika riwaya yake ya mwaka 1947 juu ya tauni katika mji wa Oran, kukimbia ni tatizo la mwandishi wa habari Rambert. Tatizo la daktari Rieux ni miezi. Camus alichunguza kwa uangalifu jinsi Rieux anavyoona huruma yake ikipungua, na jinsi kule kufungika kwa moyo kunavyomsaidia aimalize siku. Alama ya pili ya Maslach imo humo miaka mingi kabla Maslach hajaiandika, nayo haikuelezwa kuwa dhambi, wala haikusifiwa. Tungependa wanafunzi wetu waisome riwaya hiyo kwa ajili ya kurasa hizo, badala ya kukimbilia moja kwa moja hotuba za padre Paneloux kama wafanyavyo wanatheolojia siku zote.

Upungufu wa pili ni wa faraja. Luther aliegemea Zaburi ya 41 na Mathayo 25. Amhudumiaye mgonjwa amhudumia Kristo, naye Mungu mwenyewe atakuwa mwuguzi wake na tabibu wake akiugua. Ni mafundisho makuu na hatuna nia ya kuyapunguza. Lakini yakihubiriwa kwa mtu aliyeishiwa huweza kugeuka kuwa kiboko. Kama mgonjwa ni Kristo, nami sasa nikimwona mgonjwa naona kazi tu, je, nimemkana Kristo? Kama Mungu ndiye mwuguzi wangu, mbona nimelala macho wazi hadi alfajiri? Katika mjadala mmoja wa darasani mwanafunzi aliuliza jambo hilo kwa maneno machache: Mungu humwuguza mwuguzi kwa mkono wa nani? Darasa lilikaa kimya, na mwalimu pia.

Ajabu ni kwamba theolojia ya Luther ina jibu, ingawa waraka haulitoi. Mahali pengine alifundisha kwamba Mungu hutenda kazi akiwa amejificha nyuma ya viumbe vyake, kama mtu aliyevaa barakoa: humlisha mtoto kwa titi la mama, hutulinda kwa hakimu, hutupa mkate kwa mkono wa mwokaji. Basi na uuguzi ambao Mungu amemwahidi mwuguzi hauna budi kuja kwa mkono wa mtu fulani. Ahadi hiyo ikitamkwa mimbarani bila mtu huyo kutafutwa, inabaki maneno matupu. Luther mwenyewe alilijua hilo kwa sababu lilimpata.

Twende Wittenberg. Tarehe 6 Julai 1527, kabla tauni haijaingia mji huo, Luther alianguka akidhani anakufa. Justus Jonas na Johannes Bugenhagen walikuwapo. Mwili ulipata nafuu, lakini giza la rohoni halikuondoka, na mwezi uliofuata alimwandikia Melanchthon kwamba kwa zaidi ya juma zima alikuwa ametupwa katika mauti na kuzimu. Hatudai kwamba alikuwa na hali ile aliyoieleza Freudenberger. Hayo yalikuwa majaribu ya kiroho yaliyomjia tangu ujana, na si halali kumpima mtu wa kale kwa madodoso ya leo. Twasema tu kwamba mtu huyo ndiye aliyekutwa na tauni mwezi Agosti. Mteule Johann aliwaagiza yeye na walimu wenzake waondoke. Chuo kikuu kikahamia Jena. Luther na Bugenhagen wakabaki, pamoja na wasaidizi wachache. Mke wa meya alikata roho karibu mikononi mwake. Nyumba yake ikawa hospitali: wagonjwa walilazwa humo, mtoto wake Hans akaugua, na mkewe Katharina alikuwa mja mzito karibu na kujifungua. Mwanzoni mwa Novemba mke wa shemasi Georg Rörer, dada yake Bugenhagen, alikufa kwa tauni pamoja na mtoto aliyekuwa tumboni.

Waraka kwa Breslau ulichapishwa katika mwezi huo huo. Tukiusoma peke yake twaweza kudhani kwamba mwandishi wake aliketi imara, amejaa uhakika, akimcheka Ibilisi. Barua za Novemba kwa Amsdorf na kwa Jonas zina sauti nyingine. Humo ahesabu wagonjwa wa nyumbani mmoja mmoja. Humo asema kwamba nje kuna vita na ndani kuna hofu. Humo aomba aombewe, si kama desturi ya mwisho wa barua bali kama mtu aliye majini. Na humo lipo jambo dogo ambalo twaona lina uzito kuliko mengi yaliyosambazwa mwaka 2020: baada ya msiba ule, Bugenhagen na jamaa yake wahamia katika nyumba ya Luther, naye Luther aeleza kwamba ahitajiye uhamisho huo ni yeye kuliko Bugenhagen, ili upweke wake upate mwenzi.

Mkazo wa waraka ni kwamba mchungaji asiliache kundi lake. Barua zaonyesha kwamba mchungaji aliyebaki alihitaji mtu wa kulala chini ya dari moja naye, akamwomba, wala hakuona haya. Rieux naye Camus alimpa kitu cha namna hiyo, ile saa moja ya usiku anapokwenda kuogelea baharini pamoja na rafiki yake Tarrou; lakini ni saa moja tu, kisha warudi mjini kila mtu na kazi yake. Luther alipata nyumba iliyojaa watu. Walio upande wa Camus watasema kwamba saa ile ni kweli zaidi kwa hali ya mwanadamu. Huenda. Ila mwuguzi anayelala macho wazi hadi alfajiri hahitaji saa moja.

Yupo atakayetuambia kwamba kwa kusema hivi tunaulegeza wito, na kwamba watumishi wa kanisa wamekwisha jifunza vya kutosha kujihurumia. Twaliheshimu onyo hilo. Lakini Musa katika Hesabu 11 alimwomba Mungu amwue kwa sababu ya uzito wa watu, na Mungu hakumkemea, akampa wazee sabini. Eliya chini ya mretemu aliomba vivyo hivyo, akapewa mkate na usingizi mara mbili kabla ya kuulizwa swali lolote, na mwisho akapewa Elisha. Katika habari hizo zote wito haukufutwa, na hakuna aliyerudishwa zamuni peke yake. Anayetaka kuulinda wito auhubiri pamoja na wazee sabini.

Kwa wachungaji wa hospitali, na kwa wanafunzi watakaotumwa huko, hili si jambo la kusomwa maktabani tu. Zipo hospitali nyingi za kanisa katika nchi yetu ambamo mwuguzi mmoja usiku husimamia wodi nzima bila ugonjwa wowote wa mlipuko kuwapo, na ratiba ya mchungaji humo yaonyesha sala ya asubuhi, kuwatembelea wagonjwa na kutoa Chakula cha Bwana vitandani. Mara chache tumeona katika ratiba hiyo saa iliyotengwa kwa ajili ya watumishi wa zamu: kukaa nao baada ya kifo cha mtoto, kuwasikiliza wakilaumu, kuwapelekea chai saa tisa ya usiku, au kwenda kwenye ofisi ya utawala kuuliza kwa nini nafasi tatu hazijajazwa tangu mwaka juzi. Hilo la mwisho litamletea mchungaji maadui. Nalo, kwa kadiri tuusomavyo waraka wa mwaka 1527, ndilo lililo karibu zaidi na maneno ya Luther juu ya wajibu wa serikali za miji.

Tumwombe basi yeyote atakayeutoa waraka huu kwa Kiswahili kwa matumizi ya vyuo vyetu asiutoe peke yake. Aufunge katika jalada moja na zile barua kwa Amsdorf na Jonas, ziwe mbele yake au nyuma yake, na katika maelezo ataje waliokuwamo katika nyumba ile ya Wittenberg ilipofika Desemba: wagonjwa waliokuwa wakipata nafuu, Bugenhagen na watu wake, Hans aliyeanza kula tena, na binti Elisabeth, aliyezaliwa tarehe 10 ya mwezi huo na kufa Agosti iliyofuata.